Kulala, Kusinzia na Kuzimia: Juu ya Usingizi wa Kompyuta Ndogo ya Mezani

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja linalowasumbua wengi wetu tuandikao kwa kompyuta, nalo ni usingizi wa mashine hiyo: kwa nini pengine hukataa kulala, kwa nini hugutuka usiku bila kuguswa, na kwa nini mara nyingine haiamki tena. Huenda msomaji akastaajabu kuiona habari ya ufundi katika jarida la lugha. Walakini nimeona ya kuwa kasoro hizi huanza kutambulikana mara tu mtu anapochagua kitenzi kilicho sawa. Na kazi yangu mwenyewe iliwahi kuharibika kwa sababu ya kitenzi kimoja nilichokitumia ovyo.

Nilikuwa Masaki, si ile ya rasini Dar es Salaam, bali kata ya Masaki katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nikikusanya maneno ya Kizaramo. Nilichukua kompyuta ndogo ya mezani, ya aina isiyozidi ukubwa wa kitabu kinene, nikakaa kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mchana kutwa bibi mmoja wa jirani alinieleza maana na matumizi ya maneno yapata 40. Hadithi zake zilikuwa zimekwisha kunaswa katika kinasa sauti, lakini maelezo haya niliyapiga moja kwa moja katika kompyuta, wala sikuyahifadhi. Usiku nikaipa mashine amri ya kulala.

Mwenyeji wangu akauliza, "Mwanangu, mbona taa yake bado inapepesa?"

Nikamjibu, "Iache tu, Mwalimu, imelala."

Kabla ya kwenda chumbani mwake akazima swichi ya ukutani, ili umeme wa LUKU usiende bure. Asubuhi mashine iliwaka vizuri kabisa, lakini maelezo yote yalikuwa yametoweka. Bibi alikubali kunieleza upya, kwa subira nyingi. Lakini mifano aliyoitoa siku ya pili ilikuwa mingine, na ile ya kwanza haikurudi.

Sikuweza kumlaumu mzee yule, kwa kuwa alinielewa kwa Kiswahili kilicho sahihi. Mtu akilala hupumua, na moyo wake hupiga. Lakini kitu kikilala hakifanyi kazi yoyote. Twasema mashine ya kusaga imelala, yaani imesimama. Mzigo umelala bandarini. Gari limelala njiani. Katika mifano hii yote hakuna uhai unaoendelea kwa siri. Mimi nilimaanisha usingizi wa mtu, naye akasikia kulala kwa kitu. Na kitu kilicholala hakidhuriki kwa kukatiwa umeme.

Sasa na tutazame mashine yenyewe. Mwaka 1996 makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yalitoa kanuni iitwayo ACPI, inayopanga hali za kompyuta kwa daraja kuanzia S0 hadi S5. S0 ni kuwa macho, na S5 ni kuzimwa. Kati yake zimo daraja za usingizi, na mbili ndizo zitupasazo kuzijua. Katika S3 karibu kila kiungo hunyimwa umeme, ila kumbukumbu ya kazi, ambamo maandishi yetu yamo, huendelea kulishwa. Katika S4 yaliyomo katika kumbukumbu hunakiliwa kwanza katika diski, kisha mashine hukatiwa umeme. Baadhi ya mashine za siku hizi hazina S3. Badala yake hubaki katika S0 kwa kutumia umeme kidogo sana, lakini hizo nazo zahitaji kulishwa.

Sababu ya kulishwa ni hii. Vichembe vya kumbukumbu ya kazi hushika chaji ya umeme, nayo chaji hiyo huvuja. Kwa kawaida kila safu ya vichembe haina budi kujazwa upya katika muda usiozidi milisekunde 64. Umeme ukikatika, maandishi hupotea. Kompyuta ya mkobani ina betri yake, kwa hiyo mwenyewe hatambui hatari hii. Ile ndogo ya mezani haina. Ile betri iliyo kama sarafu ndani yake hutunza saa na mipangilio michache tu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kompyuta ya mkobani, akihamia hii ya mezani, hudhani ya kuwa usingizi ni ule ule, kumbe sivyo.

Baada ya hayo twaweza kuzigawa kasoro katika mafungu manne, kila moja kwa kitenzi chake.

La kwanza ni kukesha. Kompyuta haikubali kulala. Hapa yafaa kutumia kauli ya kusababisha na kuuliza: ni nani anayeikeshesha? Aghalabu ni programu inayocheza sauti au kunakili faili, au ni kifaa kilichochomekwa. Katika Windows, ukiandika amri "powercfg /requests" kwa idhini ya msimamizi wa mashine, utapewa orodha ya wakeshaji hao. Katika kompyuta za Apple amri yake ni "pmset -g assertions". Ukiisha kumjua mkeshaji, mfunge au mchomoe.

La pili ni kugutuka. Kompyuta imelala, kisha saa nane za usiku skrini yawaka. Watu husema, "Imeamka yenyewe." Sarufi yetu yatuonya hapa, kwa kuwa "amka" haimtaji mtenda, bali "amshwa" yadai tuseme imeamshwa na nani. Na kwa kweli mashine hii kwa kawaida huamshwa. Waamshaji ni wachache: kipanya kilichotikiswa na meza au na paka, kibodi, kadi ya mtandao iliyopokea wito, au saa ya ndani iliyowekwa ili matengenezo yafanywe usiku. Amri "powercfg /lastwake" hujaribu kumtaja mwamshaji wa mwisho, na "powercfg /waketimers" hutaja saa zilizotegwa. Kisha ingia katika orodha ya vifaa, umwondolee mhusika ruhusa ya kuamsha. Ni vizuri kumwachia kibodi ruhusa hiyo, na kumnyima kipanya.

La tatu ni kutoamka, na hapa watu huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Pengine mashine imeamka lakini macho yake yamefumba, yaani yafanya kazi ila skrini ni nyeusi. Pengine imezimia. Ili kutofautisha, bonyeza kitufe cha Caps Lock na uitazame taa yake, kama kibodi inayo. Ikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, mashine i macho. Basi tazama waya wa skrini, uizime na kuiwasha skrini yenyewe, au, katika Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B, ili ile programu ndogo iongozayo kadi ya picha, ambayo mafundi huiita draiva, ianze upya. Taa isipojibu, yaelekea mashine imezimia. Hapo shikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 10 hivi mpaka izimike, kisha iwashe. Ikizoea kuzimia, tafuta toleo jipya la draiva ya picha, na la programu ya msingi iliyomo katika ubao wa mashine. Na ujaribu kuilaza bila diski za nje, kwa kuwa nazo huzuia kuamka.

Msomaji ameona ya kuwa nimetumia "zima", "zimika", "zimwa" na "zimia". Vitenzi hivi vya shina moja hutupa uchunguzi mzima. Iliyozimwa ilizimwa na mtu. Iliyozimika ilikoma bila kutajwa mtenda, kama vile umeme unapokatika. Iliyozimia imepotewa na fahamu ingawa uhai ungalimo. Fundi anayeambiwa kwa simu, "Kompyuta imezima," hana la kushika. Bali akiambiwa, "Imezimia baada ya kulazwa," anajua aanzie wapi. Wala "kuzima" kwenyewe si kuaminifu siku zote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zikiambiwa zizime huhifadhi sehemu ya hali yao katika diski ili ziwake upesi. Kwa hiyo kasoro ya jana yaweza kurudi leo hata baada ya kuzima. Amri ya kuwasha upya ndiyo ianzishayo kila kitu tangu mwanzo.

La nne ni kufia usingizini, ambalo ndilo lililonipata. Mashine haikuwa na kasoro, ilikatiwa riziki. Kinga ya kwanza ni kuhifadhi maandishi kabla ya kuondoka mezani. Ya pili ni kuchagua usingizi wa S4. Ya tatu ni usingizi wa mseto, uliokuja na Windows Vista, ambao huweka nakala katika diski huku kumbukumbu ikiendelea kulishwa. Lakini yapasa kuhakikisha kwamba mashine yako inao. Kompyuta za Apple za mezani, tofauti na zile za mkobani, kwa desturi haziandiki nakala hiyo zinapolala, mpaka mwenyewe abadili mpangilio. Ya nne ni ile betri ya akiba iitwayo UPS, iliyo lazima mahali umeme usipotulia, ingawa nayo huchoka ikiachwa kutwa.

Nimalize kwa pendekezo. Usingizi wa S3, ambamo mashine yaendelea kupumua, tungeuita kusinzia. Asinziaye hajaachana na dunia. Husikia akiitwa mara moja, na huanguka akisukumwa. Usingizi wa S4, ambamo waweza kuchomoa waya bila hasara, ndio tuuite kulala, kwa ile maana ya kitu kilicholala. Kuzima kubaki kuzima. Maneno haya matatu hayakuazimwa popote, na kila moja laeleza hatari iliyomo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi za Jambo mwaka 2004, kwa mara ya kwanza watu wengi waliona amri za kompyuta kwa Kiswahili. Tangu hapo afasiriye neno la amri anampa mtumiaji maagizo pia.

Sina ushahidi mkubwa wa pendekezo hili isipokuwa mmoja. Nilirudi Masaki mwaka uliofuata na mashine ile ile. Usiku mwenyeji wangu akaiona taa ikipepesa, akasogea ukutani. Nikamwambia, "Mwalimu, inasinzia." Akaurudisha mkono wake, akasema, "Kumbe bado iko nasi." Akaiacha. Hata hivyo, safari hii nilikuwa nimekwisha kuhifadhi maneno ya bibi.