Kupima Umeme wa Ubongo

Mzazi wa Njombe au Makambako akiambiwa mtoto wake mwenye kifafa akapimwe umeme wa kichwa, anaweza kudhani mtoto atapigwa shoti. Sivyo.

Ubongo wenyewe hutoa umeme. Ni mdogo mno. Ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya nguvu ya betri ya tochi. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliupima kwa binadamu mwaka 1924. Mpimaji hubandika nyaya nyembamba kichwani. Nyaya hizo hazileti umeme, zinapokea tu. Mashine huchora mistari kama mawimbi. Penye kifafa, mistari huweza kuruka ghafla na kuchongoka. Haiumi. Osha nywele, usipake mafuta, na aliyesukwa afumuliwe.

Lakini mashine haioni yote. Mistari ikiwa mizuri, kifafa chaweza kuwapo. Kwa hiyo aliyemwona mgonjwa akianguka aende naye. Aeleze: ulianza kutetemeka mkono upi? Ilichukua muda gani? Mara nyingi maelezo hayo humsaidia daktari kuliko mashine.

Mashine hizi ziko katika hospitali kubwa chache. Usizingoje. Nenda zahanati au kituo cha afya. Dawa huweza kuanzwa bila kipimo hiki. Ukishaanza vidonge, usiache ghafla, hata siku ya kupimwa, ila daktari akisema.

Na kwa baridi ya Njombe, wote tunaota moto. Mgonjwa akae mbali nao kidogo. Akiangukia motoni, mvute upesi. Mate yake hayaambukizi kifafa.