Kisu Butu Ndicho Kinachokata Vidole

Kamati nyingi zinapoorodhesha mahitaji ya jiko huandika visu vipya kila mwaka, hali vile vya zamani bado vizima ila havina makali. Mimi mwenyewe, hapa Chake Chake, nilinoa kwenye kizingiti cha saruji kwa zaidi ya miaka kumi. Siku moja kisu kiliteleza juu ya ganda la shelisheli kikaishia kidoleni. Ndipo nikakubali kufundishwa na mchuuzi wa samaki.

Saruji ina chembe za mchanga zisizolingana. Humega chuma, makali yakabaki kama meno ya msumeno. Jiwe la mashine nalo lina hatari yake: chuma kikipata moto hadi ukingo ugeuke buluu, ugumu wake umekwisha.

Kinachotakiwa ni kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini. Kiloweshe maji, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Mafuta ya kupikia yasitumike, maana yakikaa hunata na kuziba vitundu vya jiwe.

Kazi yenyewe ni pembe. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kadiri ya unene wa kibiriti. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, hizo ni kama nyuzi 20. Nolea upande wa kukwaruza, kutoka kwenye mpini hadi nchani, bila kubadili pembe. (Nilidhani nguvu ndizo zinazonoa, kumbe zinaharibu.) Endelea ubavu mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje ubavu wa pili. Upapase kwa kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usikipitishe kidole kwa urefu wa makali. Wengi wetu huacha kabla uzi huo haujatokea, ndiyo maana tunanoa sana bila faida. Ukitokea, geuza kisu ufanye vivyo hivyo, kisha malizia kwenye upande laini kwa mkono mwepesi mpaka uzi utoweke. Jaribu kwa tungule: ngozi ikatike bila kukandamizwa.

Hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi, kwa hiyo kisu kioshwe na kukaushwa papo hapo. Tena tukatie juu ya ubao, si sahani.

Visu vyetu vitatu vya zamani vimerudi kazini. Cha nne kilikuwa kimeliwa mno na kizingiti. Sasa tunaparia samaki magamba.