Mzee wa miaka 19

Huenda wawili wawili: shati jeupe, tai, na kibao cheusi cha jina kifuani. Ni wamishonari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni. Juzi wawili walipumzika barazani kwetu, nikamdadisi mmoja.

Ana miaka 19, lakini huitwa "Mzee". Nilicheka, naye akacheka. Wavulana hutumika miezi 24, wasichana 18, bila mshahara. Gharama huchangiwa na mwenyewe na jamaa zake. Huamka saa kumi na mbili unusu asubuhi, akasoma, kisha wakatoka kufundisha. Haruhusiwi kutoka na msichana, wala kwenda popote bila mwenzake aliyepangiwa. Kabla ya 2019, simu ya nyumbani ilikuwa mara chache tu kwa mwaka. Sasa ni kila wiki.

Jua amelizoea, na kukataliwa pia. Kinachomuuma, aliniambia, ni mtu kupita bila kuitikia salamu.

Mimi ni Mwislamu, na nilimwambia wazi kuwa dini yangu siibadilishi. Lakini gilasi ya maji haimtoi mtu katika dini yake. Nasi tuna wana wetu ughaibuni, wakipiga hodi milangoni mwa watu.