Kombamwiko na Akili Iliyo Tezini

Barua imeniwasilia kutoka kwa bibi mmoja wa Tanga ambaye, baada ya salamu na dua, anauliza swali lililonifurahisha kuliko maswali mengi ya watu waliobobea katika elimu: je, kombamwiko anajua nia ya mtu? Maana, asema, kila anapomkuta jikoni usiku na kuinua kandambili, mdudu yule huwa amekwisha geuka na kutokomea chini ya kabati kabla kandambili haijafika hata nusu ya njia. Sitampotezea wakati kwa kumhesabia miguu ya mende, wala kwa kumtajia maradhi anayoyachukua chooni na kuyaleta sufuriani, kwa kuwa hayo yamekwisha bandikwa katika kuta za zahanati. Nitakwenda moja kwa moja penye uhondo, na uhondo wa mdudu huyu uko nyuma.

Mchukue kombamwiko aliyekufa, yule mkubwa wa rangi ya kahawia ambaye wanazuoni humwita Periplaneta americana, ijapokuwa asili yake ni Afrika na Marekani alifika kwa merikebu, ukamlaze chali juu ya karatasi nyeupe penye mwanga. Mwishoni mwa tumbo lake utaona vijiti viwili vyenye pingili, vimechongoka, kimoja kimeelekea kushoto na kimoja kulia. Kuviita mikia ni kuvivunjia heshima, na kuviita vipapasio vya nyuma si kweli, kwani kazi yake kuu haihitaji kugusa kitu; basi mimi nitaviita vidoya, kimoja kidoya, kutokana na kitenzi cha wazee wa pwani, kudoya, yaani kupeleleza habari za adui, na atakayeniletea jina bora nitalipokea kwa mikono miwili.

Upande wa chini wa kila kidoya umeota vinywele vyembamba mno, kadiri ya 200, vilivyopangwa safu safu kutoka pingili hadi pingili. Kila kinywele kimekaa katika kitundu chake, na kitundu hicho kimeumbwa hivi kwamba kinywele huyumba kwa wepesi katika mwelekeo mmoja na kwa uzito katika mwingine; na kwa kuwa kila safu ina mwelekeo wake, upepo utokao kushoto huziinamisha safu hizi na kuziacha zile, na utokao kulia hufanya kinyume chake, hata mdudu akapata habari kamili ya pembe ulikotoka upepo pasipo kugeuza kichwa wala kufumbua jicho. Shinani mwa kila kinywele uko mshipa mmoja wa fahamu. Habari zote hukusanyika katika fundo lililo mwisho wa tumbo, kisha hupanda kuelekea mbele kwa mishipa michache minene, ambayo Kenneth Roeder wa Marekani aliichunguza na kuandika habari zake mwaka 1948; na unene huo una sababu, kwani mshipa wa namna hii kadiri unavyonenepa ndivyo habari zipitavyo ndani yake kwa kasi.

Tuchukue mfano wa jahazi moja la ajabu, ambalo nahodha wake hukaa omo, mabaharia washikao kamba za tanga wako katikati penye mlingoti, na mlinzi amewekwa tezi kuangalia yajayo kwa nyuma. Katika chombo chenye adabu, mlinzi akiona wimbi kubwa linakuja angemtuma mtoto akamwamshe nahodha. Nahodha angevaa kanzu yake, angejikongoja hadi tezi, angelitazama wimbi, angeshauriana na rubani, kisha angetoa amri, na amri ingewafikia mabaharia wakati maji yamekwisha jaa ngamani. Kombamwiko hakupewa chombo cha adabu namna hiyo. Mlinzi wake wa tezi ameshika kamba moja nene ipitayo moja kwa moja mpaka mikononi mwa mabaharia, naye akiivuta tu tanga hugeuzwa na chombo hukata upande. Kamba ile ile huendelea hadi omo ikamgusa nahodha, ambaye huamka akakuta wamekwisha shika njia nyingine, na shauri lililombakia ni wapi watie nanga. Nahodha ni ubongo. Mabaharia ni mafundo matatu ya kifuani yaamuruyo miguu sita. Tangu upepo kugusa vinywele hata mwili kuanza kugeuka hupita kadiri ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na kisha mdudu hushika mbio zinazoweza kufikia mita 1.5 kwa sekunde, yaani urefu wa mwili wake mara 50, ambapo katika kilele cha kasi huinua kifua akakimbia kwa miguu miwili ya nyuma.

Msomaji mwerevu atasema: ikiwa ni upepo, mbona mende hatishwi na feni ya dari wala na kusi ipitayo dirishani? Jeffrey Camhi na wenziwe, walioifanya kazi hii tangu miaka ya 1970, walionyesha kwamba mdudu hapimi nguvu ya upepo peke yake, bali hupima jinsi unavyoongezeka. Upepo wa feni, hata uwe mkali, ni ule ule sasa na baadaye. Upepo usukumwao na kitu kishambuliacho huanza kidogo ukapanda ghafla. Walimkutanisha kombamwiko na chura mla wadudu, wakaona kwamba chura ajitupapo mbele husukuma hewa, na windo hugeuka kabla ulimi haujatokeza kinywani. Kandambili, bapa na pana, hupiga mbiu kubwa zaidi kuliko chura yeyote. Ningalikuwa mimi ningalichukua fagio la chelewa, ambalo hewa hupenya baina ya njiti zake. Na hata hivyo nisingalijua nilielekeze wapi, kwa maana uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulikuta kwamba mende akimbiapo hushika mojawapo ya njia kadhaa, za nyuzi 90, 120, 150 au 180 kutoka alipo adui, na ni ipi atakayoishika safari hii hakuna awezaye kukisia.

Basi yule mdudu hakuijua nia ya bibi. Aliujua upepo wa mkono wake. Lakini isidhaniwe kwamba nahodha ni pambo la omo. Yuko nyigu wa kijani king'aacho, Ampulex compressa, ambaye humchoma kombamwiko mara mbili: kwanza kifuani, ili miguu ya mbele ilegee, kisha kichwani, ndani ya ubongo wenyewe. Baada ya hapo windo huweza kusimama na kutembea, lakini halianzi safari kwa hiari yake, na ukivipuliza vidoya halikimbii. Nyigu hulishika kwa kipapasio akaliongoza mpaka shimoni, akataga yai juu yake, na yule mtoto akizaliwa hula karamu iliyo hai. Kumbe kamba ya tezi haifanyi kazi pasipo ruhusa ya omo, ijapokuwa ruhusa hiyo hutolewa mapema, kabla ya hatari.

Na kichwani humo mna maarifa pia. Mwaka 2007 Watanabe na Mizunami wa Japani waliwanusisha kombamwiko harufu pamoja na kuwaonjesha sukari, hata ikawa harufu peke yake huwatoa mate, sawasawa na mbwa wa Pavlov. Na mwaka ule ule watafiti wa Marekani waligundua kwamba mende wa jamaa nyingine aliyefundishwa usiku hujifunza vema, na aliyefundishwa asubuhi hajifunzi kitu. Huko Brussels, wataalamu waliwapa mende wadogo 50 vibanda vitatu, kila kimoja chenye nafasi ya 40. Wadudu hao, wasio na sheikh wala jumbe, waligawanyika 25 kwa 25, wakakiacha cha tatu kitupu, na walipopewa vibanda viwezavyo kuwaenea wote waliingia kimoja.

Iko akili ya tatu, ambayo haiko kichwani wala tumboni mwa mende mmoja, nayo ni ya ukoo. Mnamo mwaka 1993 Jules Silverman alieleza habari za mende wadogo wa majumbani huko Florida walioacha kula chambo chenye sumu, si kwa kuiogopa sumu bali kwa kuichukia sukari ya glukosi iliyochanganywa nayo. Na mwaka 2013 yeye na wenziwe walionyesha kwamba katika vinywa vya ukoo huo glukosi huamsha mishipa ile ile inayotambua uchungu. Hakuna aliyewafundisha: waliopenda tamu walikufa, na waliochukia walizaa. Lakini mende dume apatapo kuposa huinua mbawa na kumkaribisha jike ale utamu unaotoka mgongoni mwake, na utamu huo, ukichanganyika na mate ya jike, hugeuka glukosi. Hivyo jike wa ukoo ule, akionja uchungu katikati ya posa, hushuka akaenda zake. Madume wa ukoo huo nao wamebadili mambo: hedaya zao sasa zina sukari nyingine isiyogeuka upesi, na ndoa hufungwa kwa haraka zaidi, kabla bibi arusi hajapata nafasi ya kukunja uso.