Je, Wajua? Kimea, Mapipa na Shingo ya Twiga

Je, wajua kwamba wiski za Uskoti zinazouzwa mamilioni na pombe ya mtama ya vijijini Shinyanga, Samuye ikiwemo, zinaanza kwa hila ileile? Loweka nafaka, iache iote, ikaushe: tayari una kimea. Waskoti wanatumia shayiri, Wasukuma mtama. Basi!

Kinachozitenganisha ni subira. Pombe ya mtama ikipitisha siku chache imechachuka, hakuna anayeitaka. Wiski ya Uskoti haina hata ruhusa ya kuitwa wiski kabla haijatimiza miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, na zile za kuringia hulala humo miaka 25, 30, hata 40. Ipo moja ya kiwanda cha Glenlivet iliyotiwa pipani Februari 1940 ikatolewa 2020. Miaka 80, ndugu yangu! Ilipolazwa, John Williamson alikuwa ndiyo kwanza anaelekea kugundua almasi za Mwadui mwaka huohuo.

Na wajua kwamba wiski inatoka mtamboni haina rangi hata chembe? Dhahabu yote unayoiona, au karibu yote, imetoka kwenye mbao za pipa. Ikishaingia chupani haizeeki tena. Chupa ya miaka 12 ukiificha kabatini miaka 20, bado ni ya miaka 12!

Sasa nusa. Ndizi mbivu, tufaha, nanasi... Tunda liko wapi? Halipo! Sheria ya Uskoti hairuhusu kutia kitu kingine zaidi ya maji na rangi ya sukari iliyounguzwa. Harufu nyingi za matunda zimeumbwa na hamira wakati wa kuchachuka, na kemikali inayonukia ndizi ndani ya glasi ni ileile iliyomo kwenye ndizi ya sokoni.

Hapa ukae vizuri. Kiwanda cha Glenmorangie kina mitambo ya shaba yenye shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti, na wenyewe wanajigamba kuwa ni kimo cha twiga mzima. Ndiyo, twiga wetu! Mvuke mzito unachoka njiani na kurudi chini. Unaofika juu ni ule mwepesi, wenye harufu za maua na matunda.

Waonjaji wakubwa wa wiski wanaimeza kidogo sana. Kazi ni ya pua, kwani ulimi unajua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Huamini? Ziba pua utafune embe, uone litakavyopooza mdomoni. Na usimcheke mtu anayetia matone ya maji kwenye wiski yake: maji hayo ndiyo yanayoamsha harufu.

Je, wajua kwamba pipa linanywewa na hewa? Kule kwenye baridi hupotea kama asilimia 2 kila mwaka, na Waskoti wanasema hilo ni fungu la malaika. Pipa la lita 200 likikaa miaka 40 linabakiza lita 89 hivi. Kwenye joto la Bangalore, India, hupotea zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mwendo huo usingebakiwa hata na lita 3! Sasa wewe piga hesabu ya pipa lililolazwa Shinyanga kwenye jua la Oktoba. Malaika wa huku wangelewa mapema.

Bei? Novemba 2023 chupa moja ya wiski ya Macallan ya 1926 ilinunuliwa London kwa dola milioni 2.7, yaani zaidi ya shilingi bilioni 6. Kijiko kimoja cha chai ni zaidi ya milioni 40. Ng'ombe wangapi hao? Hesabu mwenyewe, mimi nimechoka.

Turudi kwenye mtama. Chipukizi lake lina sumu ya sayanidi, ndiyo maana mchungaji anakimbiza ng'ombe wasiguse mtama mchanga. Mama anayekausha kimea, akapukuta vichipukizi na kukipika, anaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo bila maabara yoyote!

Na bado. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walikipigia debe kimea hichohicho kwa ajili ya uji wa watoto. Jaribu jioni hii: pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uache upoe hadi uvuguvugu, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utakuwa mwepesi wa kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto.