Harusi ya Kichina: Mtafute mjuzi wa mila kabla ya kulipia ukumbi

Msomaji, hebu nikuulize. Ukialikwa harusini, ni zawadi gani inayokujia akilini kwanza? Ikiwa wewe ni Mkenya kama mimi, huenda ukafikiria blanketi, sufuria, seti ya vikombe au saa ya ukutani. Saa hasa tunaipenda. Haivunjiki upesi, hupendeza sebuleni na kila mgeni akiingia huiona.

Mwaka wa 2024 kamati yetu ya harusi, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilinunua saa moja kubwa ya ukutani. Tuliifunga kwa karatasi nyeupe na utepe wa rangi ya fedha. Ilikuwa ya binti ya shangazi yangu, aliyekwenda kusoma katika mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, akapata mchumba huko, kijana wa mkoa huo huo wa Guangdong. Siku tatu kabla ya mimi na shangazi kupanda ndege, bibi harusi alipiga simu kuuliza tulichopakia. Alipoambiwa alinyamaza kwa muda, kisha akatusihi tuiache saa hiyo Nairobi.

Je, kosa letu lilikuwa nini? Kwa Kichina, maneno ya "kumpa mtu saa" hutamkwa sawasawa na maneno ya kumhudumia mzazi anapokata roho na kumzika. Isitoshe, karatasi nyeupe ni rangi ya matanga. Tungalifika kwa wakwe tukiwa tumebeba habari za kifo zilizovikwa sanda!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza jamaa na marafiki mambo tuliyojifunza. Vijana wetu wengi wamesomea au kufanyia biashara Uchina, na Wachina wengi wanaishi miongoni mwetu hapa. Huenda siku moja simu kama hiyo ikaingia nyumbani kwako. Itakapoingia, usikimbilie kutafuta ukumbi, magari na mapambo. Kuna jambo moja la kutangulizwa.

Mjuzi kwanza

Binamu yangu alianza kama wengi wanavyoanza. Alikwenda kwa kampuni inayoandaa harusi, nayo ikampa mpango mzima kwa bei moja: mapambo, mfawidhi wa karamu, magari, wapiga picha. Akapewa ratiba iliyopangwa vizuri, saa kwa saa. Asubuhi bwana harusi angemchukua bibi harusi nyumbani kwao. Baadaye wangewapa chai wazazi wa bwana. Jioni ingekuwa karamu.

Shangazi alipoisoma ratiba hiyo aliuliza swali moja tu: yeye angekaa wapi? Nyumbani kwao bibi harusi ni Nairobi. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kwao Guangzhou, sehemu ya mama mzazi ilikuwa imefutwa. Shangazi ni mjane na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Alikuwa akivuka bahari kwenda kuwa mgeni katika harusi ya mwanawe mwenyewe.

Aliyelitatua tatizo hilo si kampuni, bali mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake huitwa dai kam tse kwa lugha ya Kikantoni. Huyu ni mwanamke anayelipwa kumwongoza bibi harusi tangu anapotoka kwao. Humshikia mwavuli mwekundu, hutamka maneno ya baraka na huwaelekeza maharusi namna ya kuwahudumia wazee. Watu wa Pwani wangemlinganisha na somo. Alituambia tukodi chumba cha hoteli kwa usiku mmoja na tubandike mlangoni ile alama nyekundu ya furaha maradufu. Kwa siku hiyo, chumba hicho kingekuwa boma la shangazi. Bwana harusi angekuja hapo kumchukua mkewe, na shangazi angepewa chai yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo ukitafuta mtu wa kazi hii, muulize mambo mawili. Kwanza, anazijua mila za jamii gani? Guangdong peke yake ina Wakantoni, Wahakka na watu wa Chaozhou, na kila jamii ina taratibu zake. Wachina wa Singapore na Malaysia nao wametokana na jamii mbalimbali. Pili, siku hiyo ana harusi ngapi? Siku iliyo njema kwako ni njema kwa wengine pia, na huenda akakimbilia kwingine kabla ya chai kupoa.

Tarehe na hati

Wachina wengi huchagua siku ya harusi kwa kutazama kitabu cha kalenda ya jadi kinachochapishwa kila mwaka, au humlipa mtaalamu awatazamie. Mwezi wa saba wa kalenda yao ya mwezi huitwa mwezi wa mizimu, na wazee wengi hawakubali harusi ifanyike wakati huo.

Haya yanaugusa mfuko wako. Siku inayosifiwa na kitabu hugombaniwa, na hoteli hujaa mapema. Waombe wazee wakupe tarehe tatu wanazoziridhia, ndipo uende hotelini kuuliza bei. Ukienda na tarehe moja tu, mwenye hoteli ndiye atakayeshika mpini nawe ushike makali.

Aidha, kumbuka kwamba karamu siyo ndoa mbele ya sheria. Nchini Uchina ndoa husajiliwa katika ofisi ya serikali ya masuala ya raia, na maharusi hupewa vitabu vidogo vyekundu. Mwanamume lazima awe ametimiza miaka 22 na mwanamke 20. Mgeni huhitaji hati ya kuonyesha kwamba hana ndoa nyingine, iliyothibitishwa na kutafsiriwa kwa Kichina. Zishughulikie hati hizi kabla ya kulipa senti yoyote ya ukumbi.

Zawadi za wakwe

Kabla ya harusi, upande wa bwana hupeleka zawadi kwa kina bibi harusi: keki, majani ya chai, vyakula vya baharini vilivyokaushwa na kadhalika. Vitu huhesabiwa viwili viwili. Miongoni mwa Wakantoni kuna hata nazi mbili, jambo lililomfurahisha sana shangazi. Majani ya chai yana maana yake pia: wahenga wa Kichina waliamini kwamba mchai ukishamea mahali hauhamishwi, na hivyo ndivyo mke anavyotazamiwa kutulia.

Yapo maduka yanayouza zawadi hizi zikiwa zimekwisha kupangwa katika seti. Ni rahisi, lakini usinunue kabla ya mama wa bwana harusi kuikagua orodha. Nawe uliye upande wa bibi, usizichukue zote. Desturi hutaka urudishe sehemu yake. Ukikosa kufanya hivyo utaonekana una tamaa.

Mavazi, nywele na picha

Vazi la jadi la bibi harusi wa Kikantoni ni koti na sketi nyekundu zilizodariziwa joka na ndege wa feniksi kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Kadiri udarizi unavyokifunika kitambaa ndivyo bei inavyopanda. Wengi hukodi, na hilo si aibu. Muulize mwenye duka kama kodi inajumuisha kurekebisha vazi likukae vizuri, na utatozwa nini likipata doa.

Kwa binti wa Kiafrika, nywele na vipodozi vinahitaji uangalifu zaidi. Mwombe mpambaji akufanyie jaribio wiki kadhaa mapema. Huenda hana poda ya rangi yako. Katika mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, ambako Waafrika wengi wamekuwa wakifanyia biashara, wapo wasusi wanaozijua nywele zetu.

Hapa nasi tulikumbana na jambo gumu. Usiku wa kuamkia harusi, bibi harusi huchanwa nywele huku akitamkiwa baraka. Mila ya zamani husema mchanaji awe mwanamke mwenye bahati, yaani mwenye mume aliye hai na watoto. Siku hizi familia nyingi humwachia mama mzazi, lakini nyanya yake bwana harusi hakutaka mjane aguse kichana hicho. Shangazi aliumia. Yule dai kam tse akapendekeza kwamba mchana shangazi amsuke mwanawe yeye mwenyewe, na usiku shangazi wa bwana harusi apitishe kichana juu ya misuko hiyo. Wote wakaridhika. Shangazi alisuka kwa saa tano, wala hakutaka kusaidiwa.

Kuhusu picha, maharusi wa Kichina hupiga nyingi wiki au miezi kadhaa kabla ya harusi, wakiwa na mavazi mbalimbali. Binamu yangu alilipia albamu ya picha 30. Studio ikapiga mamia. Alipokwenda kuchagua, akaambiwa kila picha inayozidi 30 ina bei yake, na zile asizozinunua zitafutwa. Ni nani anayeweza kukaa kimya picha zake za harusi zikifutwa? Alilipa. Wewe uliza mapema: ni picha ngapi, ya ziada ni kiasi gani, na je, utapewa zile ambazo hazijarekebishwa?

Meza na vyakula

Hoteli za huko hutoza karamu kwa meza, wala si kwa sahani. Meza moja huwa ya watu 10 au 12. Uliza kama bei hiyo imejumuisha vinywaji na ada ya huduma, na idadi ya chini ya meza unayotakiwa kulipia. Uliza pia kama unaweza kuwekewa meza chache za akiba ambazo utazilipia zikitumika tu.

Katika kupanga vyakula, nambari zina uzito. Nane hupendwa kwa sababu hutamkwa kama neno la kustawi. Nne husikika kama kifo, kwa hivyo ukumbi mwingine hauna meza ya nne. Vyakula saba haviandaliwi kwa Wakantoni, kwani hiyo ndiyo hesabu ya mlo wa matanga. Samaki huletwa mzima, maana jina lake husikika kama ziada. Supu ya mapezi ya papa, iliyokuwa fahari ya karamu zamani, sasa inaepukwa na wengi. Serikali ya Hong Kong iliiondoa katika karamu zake rasmi mwaka wa 2013. Usikubali kuuziwa kwa kuambiwa kwamba bila hiyo harusi haijakamilika.

Ikiwa una jamaa Waislamu, sema mapema. Karamu ya Kikantoni huwa na nguruwe mchanga wa kuchoma. Guangzhou ina Waislamu tangu karne nyingi zilizopita na mikahawa ya halali ipo, hivyo inawezekana kupanga meza yao kando.

Mlangoni huwekwa meza ya kupokea bahasha nyekundu za pesa kutoka kwa wageni. Kazi hii usiwape watu wa kukodi. Wakae hapo jamaa wawili waaminifu, mmoja apokee na mwingine aandike.

Malipo ya awali

Hapa fungua macho. Kwa Kichina kuna maneno mawili ya malipo ya awali, yote yakitamkwa dingjin, lakini huandikwa tofauti. La kwanza ni rehani ya mkataba. Ukivunja wewe, pesa zako zimepotea. Akivunja mwenye huduma, anakurudishia mara mbili. Kwa mujibu wa Sheria ya Kiraia ya Uchina iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, rehani hiyo isizidi asilimia 20 ya bei yote. Neno la pili ni malipo ya kutanguliza tu, na kwa kawaida unaweza kuyadai urudishiwe mambo yakivunjika. Mtafute anayesoma Kichina akutazamie ni neno lipi limeandikwa katika mkataba na stakabadhi kabla hujatia sahihi.

Kikombe cha chai

Asubuhi ya harusi, wasimamizi wa bwana walifungiwa mlango na wasichana, wakaimbishwa na kutozwa bahasha kabla ya kuruhusiwa kuingia, kama tu tunavyowafungia wageni lango nyumbani siku ya mahari. Kisha kukawa kimya. Shangazi aliketi kwenye kiti cha hoteli, leso begani. Maharusi wakapiga magoti mbele yake, kila mmoja akamwinulia kikombe kwa mikono miwili. Ndani ya chai mlikuwa na tende nyekundu za Kichina na mbegu za yungiyungi, ishara ya kuombewa watoto. Alikunywa, akawapa bahasha nyekundu, kisha akaivua leso yake na kumtandia mwanawe mabegani.

Nyanya yake bwana harusi, ambaye angengoja hadi mchana apewe chai yake, alikuwa ameomba aletwe kushuhudia. Aliuliza leso ile imeandikwa nini. Alipotafsiriwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Msomaji, mapambo ya ukumbi ule siyakumbuki, ingawa ndiyo yaliyokula pesa nyingi zaidi. Chai ile iligharimu chumba cha usiku mmoja na ujira wa mama mmoja anayeijua kazi yake. Kwa hivyo wapangie wazee nafasi zao kwanza, ndipo uwatafute wauzaji. Asiyejua mila za wenyewe asione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Na ile saa? Ipo sebuleni kwa shangazi, nayo haijawahi kukosea hata dakika moja.