Mchuzi wa Mkate, Mwenzi wa Nyama ya Krismasi

Katika nyumba nyingi za Uingereza, bata mzinga wa Krismasi huokwa tanurini kwa muda wa saa tatu au nne, kwa kadiri ya uzito wake, na afikishwapo mezani hufuatana na vibakuli viwili. Cha kwanza kina mchuzi wa rangi ya udongo, uliotokana na mafuta na maji ya nyama yenyewe. Cha pili kina kitu cheupe na kizito, chenye kufuka moshi mwembamba na kunukia karafuu. Mgeni akionapo mara ya kwanza hudhani ameletewa uji wa mgonjwa. Huo ndio mchuzi wa mkate, na Mwingereza aliyelelewa nao atakuambia kwamba karamu isiyokuwa nao haijatimia.

Ndugu msomaji huenda ukauliza, mambo ya jikoni mwa Waingereza yanamhusu nini askari aliye kambini? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndege mmoja wa sikukuu aghalabu hugawanywa kwa watoto, wageni na majirani, hata kila mmoja akapata kipande kisichozidi kiganja. Pili, sikukuu za raia ndizo siku za kazi nyingi kwetu. Mwenye nyumba hurejea kutoka lindoni au doria wakati wengine wamekwisha kula, naye hukuta nyama ya kifua imekauka kama ubao. Mchuzi huu huongeza shibe kwa gharama ndogo, na huilainisha nyama iliyokauka.

Asili yake ni ya kale sana. Katika zama za kati, kabla wapishi wa Ulaya hawajazoea kukaanga unga katika siagi ili kufanya mchuzi uwe mzito, walitumia chenga za mkate pamoja na viungo. Michuzi ya namna hiyo ilikuwa mingi Uingereza na Ufaransa pia. Baadaye karibu yote ilitoweka, bali huu mmoja ukadumu Uingereza. Isabella Beeton aliuandika katika kitabu chake mashuhuri cha utunzaji wa nyumba, kilichotolewa mwaka 1861, akieleza kuwa unafaa kuliwa na bata mzinga, kuku na ndege wa mawindo. Nadhani ulidumu kwa sababu haukutaka kitu cha anasa. Mkate uliolala ulikuwamo katika kila nyumba, na maziwa hayakuwa adimu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo thamani ya mkate uliolala ilipoonekana wazi. Serikali ya Uingereza ilianza kugawa vyakula kwa kipimo mnamo Januari 1940, na mwaka huo huo ikatoa amri iliyofanya kupoteza chakula kuwa kosa la kushtakiwa. Polisi wetu watastaajabu kusikia kwamba mtu aliweza kupelekwa mahakamani kwa sababu ya mkate aliotupa! Mwaka 1942 mkate mweupe ukaondolewa madukani, pakaletwa mkate wa taifa uliokuwa na rangi ya kijivu, ambao watu wengi hawakuupenda. Jambo la ajabu ni kwamba mkate haukugawiwa kwa kipimo wakati wote wa mapigano. Uligawiwa baada ya vita, tangu Julai 1946 hadi Julai 1948. Nyama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuachiwa huru, mwaka 1954. Kwa watu waliopita katika dhiki kama hiyo, mchuzi unaotengenezwa kwa mabaki haukuwa pambo la mezani.

Sasa tuitazame karafuu, kwa maana ndiyo roho ya mchuzi huu, na ndiyo iliyoufungamanisha na pwani ya Afrika Mashariki. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, kisha likaanikwa juani. Mti wake ulitoka visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika Indonesia. Ulipandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi, hata Zanzibar ikawa mzalishaji mkubwa kupita wote duniani. Waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa bara. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Kwa hiyo, karafuu chache zilizochomekwa katika kitunguu cha jikoni mwa Mwingereza wa siku hizo zilibeba jasho la watu wa kwetu, ingawa jina lao halikuandikwa katika kitabu chochote cha mapishi.

Tuingie jikoni. Kwa watu sita hadi wanane, chukua nusu lita ya maziwa, kitunguu kimoja cha kiasi, karafuu sita au nane, punje sita za pilipili manga, gramu 100 za chenga za mkate mweupe, na gramu 30 za siagi. Ukipata kungumanga ya kukwangua ni vizuri. Basibasi nayo inafaa.

Menya kitunguu, kikate vipande viwili, kisha zichomeke karafuu ndani yake kama misumari. Kazi hii si urembo. Karafuu zilizochomekwa hutolewa kwa urahisi pamoja na kitunguu, lakini iliyopotea ndani ya mchuzi itamfia mtu mdomoni, na ukali wake utamharibia ladha ya chakula chote. Tia kitunguu na pilipili manga katika sufuria pamoja na maziwa, uyapashe polepole mpaka yakaribie kuchemka. Hapo epua, funika, uyaache kwa nusu saa au zaidi. Wapishi wengi wenye haraka hukosea hapa. Maziwa yanahitaji muda wa kuvuta harufu, na moto mkali hauwezi kushika nafasi ya muda huo.

Baadaye chuja maziwa, yarudishe motoni, utie chenga za mkate na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo kabisa. Ukitumia jiko la makaa, punguza makaa na kufunika yaliyobaki kwa majivu. Koroga kwa mwiko mara kwa mara kwa dakika kumi au kumi na tano, mpaka mkate uvimbe na mchuzi uwe mzito, lakini bado uweze kumiminika kutoka mwikoni. Malizia kwa siagi na kungumanga.

Mkate wenyewe huleta matata zaidi kuliko kitu kingine. Unaofaa ni mkate mzima uliolala siku moja au mbili, ambao gamba lake limeondolewa, kisha ukafikichwa kwa mikono. Mkate laini sana uliokatwa vipande kiwandani hugeuka gundi. Mkate uliotiwa sukari usiutumie kabisa, kwani utamu wake hupigana na nyama. Na anayetumia mkate wa leo asimlaumu mpishi wa Kiingereza.

Katika jeshi la Uingereza iko desturi ya zamani ya maofisa na masajini kuwahudumia askari mezani wakati wa chakula cha Krismasi. Mwenye cheo hushika sahani, na kuruta hukaa akangoja kuletewa. Desturi hiyo ni ya siku moja katika mwaka, lakini hukumbukwa na askari kwa muda mrefu.

Kwa yule ambaye zamu yake haikumruhusu kukaa mezani na wenzake, mchuzi huu una fadhila moja. Ukikaa huzidi kuwa mzito, hata ukaonekana umeharibika, kumbe haukuharibika. Ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga juu ya moto mdogo, nao utarudi kama ulivyokuwa. Kwa kuwa umetengenezwa kwa maziwa, usiachwe mezani mchana kutwa katika joto. Fungu la aliye lindoni litengwe mapema na kuwekwa mahali pa baridi, kisha lipashwe moto sawasawa atakaporudi. Kipande cha kuku aliyepoa, kikipakwa mchuzi huo na kutiwa katikati ya mkate, ni chakula ambacho Waingereza wengi hukingojea asubuhi ya tarehe 26 Desemba, ambayo nayo kwao ni siku ya mapumziko.